Yonatani Rugamba na Potasi ya Rubondo

Tarehe 30 Juni 2025 Bwana Yonatani Rugamba, mtunza stoo wetu wa Rubondo, anastaafu baada ya kuitumikia Kampuni ya Pembejeo ya Udongo Hai kwa miaka kumi na tisa. Alianza kama mchukuzi katika ghala kuu la Mbarara. Anamaliza akiwa mtu ambaye jina lake limemeza jina la duka. Huko Rubondo, ndani ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale, mkulima hasemi anakwenda Udongo Hai. Anasema anakwenda kwa Yonatani.

Wasifu huu umeandaliwa na ofisi ya kumbukumbu kwa ajili ya jarida la wafanyakazi, na umesomwa na meneja wetu, Bwana Ezira, kabla ya kuchapishwa. Tumejitahidi kuwauliza waliokuwepo. Penye kosa la mwaka au la jina tunaomba radhi mapema.

Lipo jambo moja ambalo wasomaji wengi wanalijua, na haitakuwa vema kulipita kimya. Tangu Januari, ilipotangazwa kwamba Yonatani anafikisha umri wa kustaafu, swali lilikuwa kama stoo ya Rubondo itaendelea kuuza potasi au itafungwa pamoja na utumishi wake. Kwa mtu wa Mbarara mjini, swali hilo ni dogo, kwa kuwa maduka ya pembejeo yapo barabara nzima. Kwa mkulima wa Rubondo lina uzito wake. Kipande chake cha ardhi ni kidogo, hawezi kukipumzisha hata msimu mmoja, na hakuna duka jingine la karibu lililowahi kuiweka mbolea hiyo. Stoo ikifungwa, potasi imekwisha. Jibu la swali hilo tutalifikia. Kwanza tueleze kazi yenyewe.

Yonatani alizaliwa katika milima ya Itombwe, Kivu ya Kusini, katika ukoo wa wafugaji. Alifika Nakivale akiwa na mke wake, watoto na fimbo, na fimbo hiyo, kwa maneno yake, haikuwa na cha kuchunga. Mwaka 2006 alipata kazi ya kupakia na kupakua magunia Mbarara. Waliofanya naye kazi wanakumbuka mambo mawili: hakuwahi kuburuta gunia sakafuni, na hakuwahi kuvua buti zake za mpira, hata siku wafanyakazi walipoalikwa kwenye semina ya hoteli yenye vigae vinavyong'aa. Mhudumu wa hoteli alimfuata na dekio kutoka mlangoni hadi kwenye kiti. Yonatani alimshukuru kwa heshima zote, kisha akamwuliza kama anajua maganda ya ndizi ya jikoni kwao huenda wapi.

Swali hilo la maganda tutalielewa tukisema machache kuhusu potasi yenyewe.

Potasi ni ile mbolea ya punje nyekundu, inayofanana na chumvi ya mawe iliyopondwa. Migomba huihitaji sana. Ikikosekana udongoni, majani ya chini hugeuka rangi ya machungwa kuanzia kwenye ncha, hukauka na kujikunja, na mkungu hutoka mwepesi wenye ndizi nyembamba. Maharage nayo huungua kingo za majani. Wenye maduka wengi hupenda kuuza mbolea za urea na DAP, kwa sababu mkulima huona jani limekuwa kijani akarudi na furaha. Kazi ya potasi haionekani mpaka siku ya kukata mkungu, na kitu kisichoonekana haraka ni kigumu kukiuza. Ndiyo maana hukosekana madukani hata pale inapohitajika zaidi.

Kampuni ilipofungua stoo ya Rubondo mwaka 2011, Yonatani alichaguliwa kuisimamia kwa sababu aliweza kuzungumza na kila mtu: Kinyamulenge na ndugu zake, Kiswahili cha Kongo na wakulima wa Fizi na Uvira, na Kinyankore na wenyeji wa Rugaaga. Hakuwa na mafunzo ya kilimo. Alifundishwa na mabwana shamba wa kampuni, akawafuata na buti zake shamba kwa shamba, na yale aliyofundishwa akayaelewa kwa njia ya ng'ombe. Aliyapa mashamba majina ya rangi za ng'ombe. Hili lilikuwa gaju, lile lilikuwa bihogo. Udongo uliochoka aliuita ng'ombe aliyekonda.

Mteja wake wa kwanza, na mkosoaji wake mpaka leo, ni Mama Georgette, mkulima wa migomba na maharage aliyetoka Fizi. Inasemekana siku ya kwanza alisimama mlangoni mwa stoo, akamtazama kuanzia kofia hadi buti, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye kisima:

"Weye mutu wa ng'ombe, unajua nini ya migomba? Udongo haukamuliwe, Papa Yonatani!"

"Haukamuliwe?" Yonatani akajibu. "Munaukamua kila mwaka, mama, na hamuupatie hata jani ya kula. Ingekuwa ng'ombe, ingekuwa ilishakupiga teke."

Mama Georgette alicheka, akaingia ndani. Tangu siku hiyo hajaacha kumkosoa, wala hajaacha kununua.

Yonatani alikuwa na tabia ya kusimama kando ya barabara ya Rugaaga na kutazama mafuso yakipita na shehena za matoke kuelekea Mbarara. Madereva walidhani anawapeleleza. Mmoja alimwita "polisi ya ndizi", na jina hilo likamkaa kwa miaka. Yeye alieleza kwamba haangalii ndizi, anaangalia potasi ikihama. Kila mkungu huondoka na sehemu ya udongo wa Isingiro, wilaya ya Rubondo, hufika mjini, huliwa, na maganda yake, yenye potasi nyingi, hutupwa. Hakuna anayeirudisha.

Akaamua kuirudisha. Aliwashawishi madereva watatu waliokuwa wakirudi na magari matupu wapakie maganda ya mahoteli na kuyashusha Rubondo, yaoze kwenye mashimo ya wakulima. Mpango ulikwenda vizuri mpaka fuso moja lilipoharibika ekseli karibu na Kabingo, likakaa juani siku kadhaa likiwa limejaa. Nyuki walifika, kisha nzi, kisha malalamiko. Bwana Ezira alipigiwa simu na watu asiowajua. Alimwita Yonatani Mbarara na kumwuliza, "Ssebo, bwana wangu, sisi ni duka ya mbolea ama ni duka ya takataka?" Yonatani alijibu kwamba ni kitu kilekile, ila kimoja kimeoza zaidi. Mpango wa maganda ulisimamishwa. Mashimo yaliyokwisha kujazwa, hata hivyo, yalitumika, na wenye mashimo hayo hawakulalamika.

Ugumu mkubwa zaidi ulikuwa gunia. Kanuni ya kampuni, ambayo ina sababu zake, inakataza mtunza stoo kufungua gunia la potasi na kuiuza kwa vipimo vidogo. Gunia likifunguliwa hunywa unyevu wa hewa, na potasi huganda kama jiwe. Mkulima wa Rubondo naye hahitaji gunia zima, na asingeweza kulibeba wala kulimaliza. Hapo Yonatani hakuvunja kanuni, na tunapenda hilo lieleweke. Alikwenda kwa akina mama wa kanisa waliokuwa tayari na likelemba yao, ule utaratibu wa Wakongo wa kuchangiana na kupokezana kwa zamu, akawaomba waifanye likelemba ya potasi. Wananunua gunia moja lililofungwa pamoja, wanalifungulia wenyewe kwenye uwanja wa kanisa Jumamosi, na kugawana kwa kopo la maziwa ya unga. Kopo hilo wanaliita gigozi. Kampuni ikawa imeuza gunia lililofungwa. Wakulima wakawa wamepata kiasi cha kuwatosha. Kwa miaka kadhaa mambo yalikwenda hivyo.

Mwaka 2016 yalitokea mambo ambayo tunayaandika kwa idhini ya wote waliohusika.

Mmoja wa wanachama wa likelemba alikuwa Kantengwa, mama mfugaji wa milimani kama Yonatani, aliyekuwa na ng'ombe wachache na kishamba cha migomba nyuma ya nyumba. Siku ya mgao alikuwa Rugaaga sokoni. Jirani alimchukulia fungu lake, akaliweka kwenye beseni mlangoni pake na kwenda zake. Kantengwa aliporudi aliona beseni la punje nyekundu. Mkulima wa Fizi angeona mbolea. Mtu aliyekua katikati ya ng'ombe, anayewanunulia chumvi ya Katwe yenye wekundu uleule, huona chumvi, na Kantengwa alikuwa amemwagiza shemeji yake chumvi wiki hiyohiyo. Akamshukuru shemeji moyoni, akaimwaga yote horini.

Ng'ombe wake bora, Gaju, aliyekuwa akinyonyesha, aliwasukuma wenzake na kulamba zaidi ya wote. Mchana alikuwa amelala chini. Daktari wa mifugo alifika, wakawanywesha wale wengine maji mengi wakapona. Gaju alikufa kabla jua halijatua.

Habari ilienea Rubondo kwamba dawa ya Yonatani inaua ng'ombe. Wafugaji waliacha kumsalimu. Wakulima waliogopa kuonekana na potasi. Baada ya siku chache Yonatani alitoa mtamba kwenye kundi lake dogo, kwa maana baada ya miaka hiyo ile fimbo yake ilikuwa imepata cha kuchunga, akampeleka kwa miguu mpaka kwa Kantengwa. Kwa wafugaji wa milimani, aliyefiwa na ng'ombe huletewa mwingine na rafiki au jirani ambaye Mungu amemjalia. Wala si fidia. Ni kumfuta machozi mwenzako.

Mbarara haikulielewa hivyo. Bwana Ezira, aliyekuwa na wakubwa wa kuwajibu, alimwita. Mazungumzo yao yalisikika ofisi nzima, na Bwana Ezira ameruhusu tuyaandike kama yalivyokuwa.

"Rugamba, hii ng'ombe ulipeana kama nani? Sasa watu watasema kampuni imekubali makosa!"

"Bosi, kampuni haina ng'ombe. Miye niko nazo. Jirani akipoteza, jirani anapeleka."

"Na mimi nitawaandikia wakubwa namna gani? Niandike 'ng'ombe ya urafiki'?"

"Andika vile, bosi. Ni kweli."

Bwana Ezira aliandika vile. Wakubwa hawakuridhika. Potasi iliondolewa Rubondo, ikabaki Mbarara tu, na stoo ikaachiwa majembe, mbegu na urea.

Misimu iliyofuata ilikuwa mibaya kwa migomba. Wakulima waliendelea kukata mikungu, lakini wanunuzi wa Rugaaga walianza kuipindua na kuichagua. Majani ya rangi ya machungwa yalionekana kutoka barabarani. Mama Georgette alikuwa akipita mbele ya stoo kila asubuhi na kusimama.

"Papa Yonatani, unachunga duka ya nini sasa? Majembe? Majembe tuko nayo mingi. Tunakosa udongo wa kulimia!"

Yonatani aligeukia majivu. Majivu ya kuni yana potasi kiasi, mradi yasinyeshewe kabla ya kufika shambani. Akazunguka nyumba kwa nyumba na ndoo yenye mfuniko akiomba majivu ya jikoni na kuwafundisha wengine kuyatunza makavu. Akina mama walimpokea kwa vicheko. Walisema mzee huyu anapita kuposa majivu, na kwamba mke wake aambiwe. Mke wake alipoambiwa alituma ndoo ya pili. Hata hivyo majivu ya jikoni hayatoshi shamba. Yonatani mwenyewe alikuwa wa kwanza kulisema hilo, na alilisema Mbarara kila mwisho wa mwezi alipokuja kuleta hesabu za stoo, mpaka Bwana Ezira akaomba aletewe hesabu hizo na mtu mwingine.

Mwaka 2018 alikuja na watu. Mama Georgette na Kantengwa walipanda naye fuso la matoke asubuhi wakafika ofisini nguo zikiwa na utomvu wa ndizi. Mama Georgette alizungumza kwanza, tena kwa urefu. Bwana Ezira alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwamba anaelewa habari za migomba, ila hofu yake ni ng'ombe, na kwamba hataki kusikia tena ng'ombe wa mtu amekufa kwa bidhaa yetu.

Hapo Kantengwa akasimama.

"Ng'ombe yenye ilikufa ilikuwa yangu," alisema. "Na ni miye nilimwanga ile chumvi mu hori, si mutu mwingine. Kama mwenye ng'ombe halie tena, weye bosi unalilia nani?"

Walicheka wote, na Bwana Ezira pia, baada ya muda. Kantengwa hakuketi. Alieleza kwamba tatizo ni ule wekundu. Potasi isitoke uwanjani ikiwa nyekundu. Ichanganywe palepale na samadi kavu iliyochekechwa, kabla mtu hajabeba fungu lake, kwa sababu hakuna ng'ombe anayelamba mavi yake.

"Na hiyo mavi itatoka kwa nani?" akauliza Bwana Ezira.

"Kwangu. Iko mingi. Inakungojea, bosi."

Potasi ilirudi Rubondo msimu uliofuata, kwa sharti lililoandikwa: kila mgao uchanganywe na samadi mbele ya Yonatani Rugamba, naye athibitishe kabla fungu lolote halijaondoka.

Tangu hapo, Jumamosi za mgao zimekuwa na utaratibu wao. Turubai hutandikwa kwenye uwanja wa kanisa. Gunia hukatwa. Samadi humwagwa juu yake, na watu wawili wenye mabeleshi hugeuza na kugeuza. Yonatani hukaa kwenye benchi lililotolewa kanisani mpaka waseme tayari. Ndipo huinama, huchota ukufi, huutandaza kwenye kiganja na kuupeleka juani. Wekundu ukionekana, hata punje chache, hutamka neno moja tu: "Rudieni." Watoto wa Rubondo humwigiza wakicheza. Wanakwaya nao, wakikosea sauti, huambiana rudieni.

Hatupendi kudai zaidi ya tunavyojua. Hatukupima kila shamba. Tunajua kwamba hakuna ng'ombe mwingine aliyedhurika, kwamba likelemba moja imezaa nyingine katika vitongoji vya jirani, na kwamba wanunuzi wa Rugaaga siku hizi huuliza kama mkungu umetoka Rubondo kabla hawajaupindua. Tunajua pia kwamba kuna miaka ambayo potasi ilikuwa adimu hata Mbarara, na mwaka mmoja wa aina hiyo Yonatani aliketi kwenye ngazi za ghala kuu tangu lilipofunguliwa, akisema hana haraka, mpaka gunia la Rubondo lilipotengwa. Mtunza ghala alimpa chai. Alikunywa, akashukuru, akaendelea kukaa.

Sasa tulifikie lile swali.

Sharti la mwaka 2018 lilimtaja Yonatani kwa jina. Alipokaribia kustaafu, wakubwa walisema kwamba asiyekuwepo hawezi kuthibitisha, na wakaamua stoo ifungwe mwisho wa Juni. Mwezi Aprili, mvua zikiendelea, Bwana Ezira alikwenda Rubondo kuwaeleza wakulima uamuzi huo ana kwa ana. Alisema hakupenda wausikie kwa simu. Alifika siku ya Jumamosi akakuta mgao unaendelea, akasimama nyuma ya watu kusubiri umalizike.

Mabeleshi yaligeuza. Wenye mabeleshi wakasema tayari. Yonatani aliinama, akachota, akatandaza kiganja na kukipeleka juani. Kisha, badala ya kukitazama, akakisogeza kando, mbele ya uso wa Kantengwa aliyekuwa ameketi naye kwenye benchi. Kantengwa akatazama.

"Rudieni," akasema Kantengwa.

"Rudieni," akarudia Yonatani.

Bwana Ezira alipita katikati ya watu mpaka kwenye benchi. Mabeleshi yalisimama. Mama Georgette, ambaye hanyamazi, alinyamaza, kwa kuwa alijua meneja amekuja na nini.

"Rugamba. Hii kazi ya kuangalia ni yako ama ni ya huyu nyabo, huyu mama?"

Yonatani aligeukia kwanza ilikotoka sauti, kisha akainua uso.

"Bosi, macho yangu yalistaafu mbele yangu."

"Tangu lini?"

"Tangu mvua za mwaka jana. Nyekundu na nyeusi kwangu ni kitu moja. Yeye ananiambia, miye nasema. Sharti ilisema Rugamba athibitishe. Rugamba anathibitisha. Macho tu ndiyo ya kuazima."

Isieleweke kwamba sharti lilivunjwa. Bwana Ezira mwenyewe amelisoma upya na kuona kwamba lilifuatwa, kwa namna ambayo hakuna aliyeitazamia. Siku ile, hata hivyo, hakusema hivyo. Mama Georgette anasema yeye mwenyewe alikuwa ameshafungua mdomo kumwomba, na hajui angeanza na nini, kwa kuwa msimu mzima wa nyumba yake ulikuwa juu ya lile turubai.

Kisha Bwana Ezira akavua koti. Alilikabidhi kwa mtu wa karibu, akachukua beleshi, akasema anataka kuona kama huyu nyabo anaangalia kweli au anapiga siasa. Akageuza. Aligeuza mpaka jasho likamtoka na tai ikahamia begani. Rundo lilipoonekana kwake kuwa jeusi lote, akachota mwenyewe ukufi na kumpelekea Kantengwa.

Kantengwa aliushika mkono wa meneja kwa adabu, akaugeuzia juani, akaparura samadi kwa ncha ya kidole. Chini yake palikuwa na wekundu.

"Rudia, bosi."

Waliokuwepo wanasema kicheko kilisikika ng'ambo ya shule. Mama Georgette alipiga makofi na kumwambia Bwana Ezira asione haya, hata ng'ombe hujifunza njia ya kisima polepole. Bwana Ezira alirudia. Fungu la mwisho lilipoondoka uwanjani, ule uamuzi aliotumwa kuutangaza haukutangazwa. Alirudi nao Mbarara, akawaambia wakubwa kwamba Rubondo kuna mtu wa kuthibitisha, na kwamba mtu huyo ameithibitisha kazi ya meneja mwenyewe na kuikataa.

Wakubwa wamekubali. Kuanzia Julai, mtunza stoo wa Rubondo ni Kantengwa, na sharti litaandikwa kwa jina lake. Ruhusa hiyo ni ya msimu wa mvua za Septemba peke yake, kisha itaangaliwa tena. Tunaandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyo, na hatutaki mtu wa Rubondo asome hapa ahadi ambayo haijatolewa. Msimu mmoja umepatikana. Magunia yake yamekwisha kutengwa ghalani Mbarara, na safari hii hakuna aliyelazimika kukaa kwenye ngazi.

Yonatani hatakwenda mbali. Ana shamba lake la migomba nyuma ya kanisa, ana ng'ombe wake, na daktari wa macho wa Mbarara amemwambia kwamba jicho la kushoto linaweza kusafishwa na kuona tena. Amepangiwa Agosti. Ameomba isiwe Jumamosi. Amekwisha kuandikishwa katika likelemba ya potasi kama mwanachama wa kawaida, mwisho wa zamu, kwa kuwa Mama Georgette alikataa kumpa nafasi ya mbele. Alisema wastaafu hawana haraka.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote wa Udongo Hai, wa Mbarara na wa Rubondo, tunakushukuru, Mzee Yonatani, kwa magunia uliyoyabeba bila kuyaburuta, kwa uvumilivu wako kwetu sisi wa ofisini, na kwa mtamba uliyempeleka kwa miguu kwa jirani yako. Mungu akujalie jicho angavu, migomba yenye majani ya kijani mpaka chini, na maziwa ya kutosha nyumbani. Nenda ukapumzike salama. Na mvua za Septemba zikianza, tunakutakia uione wewe mwenyewe, kwa macho yako, rangi ya mikungu yako.